Fomu ya kila kikao, maswali ya simu, kinasa sauti au kamera: kipi kikufae kuchunguza tiba ya mazungumzo inavyofanya kazi?

"Nitumie programu gani?" Swali hili huulizwa sana na wanafunzi wa uzamili wa saikolojia na ushauri nasihi hapa Dodoma, na siku hizi hata na wauguzi wa afya ya akili wanaotaka kuandika kuhusu kazi yao. Mtu amesikia habari za KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa simu au kishikwambi, amesikia akili mnemba inaweza kusikiliza kikao na kukigeuza maandishi, ameona saa janja inayohesabu mapigo ya moyo, na tarehe ya kuwasilisha pendekezo la utafiti inakaribia. Anachotaka kukichunguza ni kigumu kuliko programu yoyote. Kwamba tiba ya mazungumzo huwasaidia wengi wenye sonona au wasiwasi, hilo limeshapimwa sana. Yeye anataka kujua inawasaidia kwa njia ipi.

Naviweka hapa vifaa vinne sambamba: fomu fupi inayojazwa kila kikao kwenye kishikwambi, maswali ya kila siku kwa simu, sauti ya kikao inayorekodiwa na kuchambuliwa kwa kompyuta, na vipimo vya mwili kwa kamera au saa janja. Namwandikia mtu mwenye wateja wa mitaa ya mjini kama Nkuhungu na Kikuyu lakini pia wa wilaya za vijijini za Chamwino na Bahi, wengine wana simu janja, wengine kiswaswadu, wengine hawana simu yao wenyewe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kabla ya kuangalia kifaa, jiulize mabadiliko unayoyafuata yanatokea kwa kasi gani. Yapo ya dakika, pale mteja anaponyamaza kisha akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Yapo ya kati ya kikao na kikao. Yapo ya siku kwa siku, nyumbani, jioni, baada ya kazi. Kifaa kinachopima kwa wiki hakitayaona ya dakika hata kiwe cha bei gani, na kinachopima kwa sekunde kitakuzamisha kwenye namba zisizojibu swali la wiki.

## Vigezo vya kulinganishia

Swali. Mwaka 2007 Alan Kazdin, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza vizuri kwa nini tafiti nyingi hazituambii tiba inavyofanya kazi. Ukidai kwamba jambo fulani ndilo lililoleta nafuu, inabidi uonyeshe, pamoja na mengine, kwamba lenyewe lilibadilika kwanza, nafuu ikafuata. Kupima mwanzoni na mwishoni tu hakutoshi. Mteja anayemwamini mshauri wake huenda amepata nafuu kwa sababu ya kuamini, na huenda ameanza kuamini kwa sababu amepata nafuu. Kwa vipimo viwili huwezi kujua kilichotangulia. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni hiki: kifaa kinakupa vipimo vingapi, na vimepangika vipi katika muda?

Mzigo. Mteja anatoa nini, na mshauri anatoa nini? Mtu mwenye sonona hana nguvu za kujaza kurasa tano.

Lugha. Je, kifaa kinaelewa Kiswahili cha huku, kilichochanganyika na Kigogo, Kirangi au Kisandawe?

Mahitaji. Umeme, bando, fedha, na ujuzi wa kuchambua kitakachopatikana.

Siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Programu nyingi tunazozipenda huhifadhi data kwenye seva zilizo nje. Ongeza kibali cha maadili, cha chuo chako au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kuna jambo jingine ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha: Kanuni ya Adhabu yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Mteja anayekujibu kwa ukweli kuhusu mawazo ya kujiua, au aliyowahi kuyafanya, amekukabidhi kitu kinachoweza kumdhuru kikivuja.

## Fomu fupi ya kila kikao

Mteja anajaza fomu moja kuhusu hali yake kabla ya kikao, na nyingine fupi zaidi kuhusu kikao chenyewe baada ya kutoka. Kwa dalili za sonona wengi hutumia PHQ-9, yenye maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27. Haina malipo, na imetumika kwa Kiswahili Tanzania na Kenya. Kwa uhusiano wa mshauri na mteja kuna dodoso lililojengwa juu ya fikra za Edward Bordin za mwaka 1979: kukubaliana malengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Toleo la Horvath na Greenberg la 1989 lina maswali 36, na lipo fupi la maswali 12.

Swali. Hiki ndicho kifaa cha kujibu "nini kilitangulia" kwa kipimo cha wiki. Ukiwa na vikao 8 unaweza kuona kama kuaminiana kwa wiki ya tatu kunatabiri dalili za wiki ya nne, kwa mteja yuleyule akilinganishwa na yeye mwenyewe. Angalizo moja ambalo wengi hulipita: PHQ-9 inauliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Ukiitumia kila wiki, nusu ya kipindi kinachoulizwa leo kilishaulizwa juma lililopita, na mpangilio wa nini kilitangulia unavurugika. Badilisha maelekezo yawe ya siku saba, kisha uandike wazi kwenye tasnifu kwamba ulifanya hivyo.

Mzigo. Ni dakika chache tu. Uzito upo kwenye heshima. Mama wa Mvumi aliyesafiri tangu alfajiri hawezi kumpa mshauri alama mbili kati ya tano huku mshauri amekaa mbele yake. Atamwambia anayemsaidia kujaza, "Mwanangu, weka tu zote nzuri, yule binti ananisikiliza." Basi kila fomu inafika juu kabisa na hakuna tofauti ya kuchambua. Dawa ni fomu kujazwa mapokezi, na mtu asiye mshauri, na mteja kuhakikishiwa kwamba mshauri hataiona. Ongeza pia swali lisilomlazimu kumlaumu mtu: "Leo kuna jambo ulitaka kulisema hamkulifikia?" Hapo watu husema kweli.

Lugha. Fomu ni maneno machache, kwa hiyo unaweza kuyafanyia kazi neno kwa neno, na kwa mazingira yetu hiyo ni nguvu kubwa. Ifanye hiyo kazi kwa kweli. Swali la nane la PHQ-9 linauliza kwa pamoja kama mtu amekuwa akitembea au kusema polepole kiasi cha wengine kugundua, au kinyume chake, amekuwa hatulii. Msomee mzee swali hilo kwa sauti uone. Atajibu nusu moja, nusu nyingine imeshapotea. Kaa na watu wachache, wasomee, waulize wameelewa nini, kisha ndipo uingize fomu kwenye kishikwambi.

Mahitaji. KoboToolbox na mwenzake ODK hutengenezewa fomu kwenye Excel, hukubali lugha zaidi ya moja ndani ya fomu ileile, na hukusanya bila mtandao: unajaza Bahi, unatuma ukifika mjini. Kishikwambi kimoja na chaji ya akiba vinatosha kituo kimoja. Uchambuzi unahitaji mtu anayejua takwimu za vipimo vinavyorudiwa kwa mtu mmoja. Programu ya R ni ya bure, ila kuijua kunachukua muda.

Siri. Tumia namba badala ya jina, na orodha ya kuunganisha namba na majina ikae mbali na kishikwambi. ODK inaweza kufunga fomu kwa usimbaji kiasi kwamba aliyeijaza hawezi kuifungua tena. Hapo kuna mtego: swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kujiua au kujidhuru. Mtu lazima alisome jibu hilo kabla mteja hajaondoka. Fomu iliyofungwa vizuri hadi Ijumaa imemwacha mtu peke yake tangu Jumatatu.

Kinamfaa nani. Mwanafunzi mwenye muda mfupi, na kituo chochote kinachotaka kujifunza kutokana na kazi yake. Michael Lambert na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mshauri akipewa taarifa mapema kuwa mteja fulani haendi vizuri, wateja wa aina hiyo hupata matokeo bora kuliko mshauri akiachwa bila taarifa. Hivyo fomu inaweza kuwa utafiti na huduma kwa pamoja.

## Maswali ya kila siku kwa simu

Wazo hili lilianza kabla ya simu za mkononi. Katika miaka ya 1970 huko Chicago, Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake waliwapa watu vifaa vidogo vilivyokuwa vikilia, na kila kikilia mtu anaandika anafanya nini na anajisikiaje. Kwa upande wa tiba, Günter Schiepek wa Salzburg ametumia kwa miaka mingi mfumo ambao mgonjwa hujaza dodoso kila siku kwa intaneti, kisha grafu yake hujadiliwa ndani ya kikao.

Swali. Kinaona kinachotokea nje ya chumba cha ushauri. Kama tiba yako inamfundisha mteja kurudi kwenye shughuli alizoziacha, unaweza kuona kama siku aliyotoka kwenda kwa jirani ndiyo iliyofuatiwa na usiku mwepesi. Fomu ya wiki haiwezi kukuambia hivyo, kwa sababu mtu akiulizwa wiki nzima hukumbuka zaidi siku mbaya kuliko zote na ile ya mwisho.

Mzigo. Mzito. Nchi zenye mtandao wa uhakika huuliza hata mara tano kwa siku. Kwa huku nashauri mara moja, jioni, na maswali yasiyozidi matano. Pia panga kalenda yako kwa kuitazama mvua. Dodoma ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na wakati huo watu wapo shambani. Jibu lisilokuja Januari halimaanishi mteja amekata tamaa. Huenda analima uwele mahali ambapo simu haishiki. Lakini huenda pia amezidiwa. Ukiyachanganya hayo mawili utapata hitimisho la uongo, kwa hiyo weka swali moja la kuuliza baadaye: siku zile hukujibu, ulikuwa wapi?

Jambo la pili ni kwamba kuulizwa nako kunabadilisha. Mjane anayeishi peke yake, akiulizwa kila jioni "leo umeshindaje?", amepata mtu wa kumjulia hali. Nafuu utakayoiona huenda imetoka kwenye swali lako.

Lugha. Maandishi ni kikwazo kwa asiyesoma. Simu ya sauti, yaani msaidizi anapiga na kuuliza, inavuka kikwazo hicho na inaruhusu Kigogo. Inagharimu muda wa mtu, lakini kwa vijiji vya Chamwino ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Mahitaji. Kwa kiswaswadu kuna meseji za kawaida, na jibu la mteja lisimgharimu hata senti. Kwa simu janja kuna fomu ya kiungo. Uchambuzi ni mgumu kuliko wa fomu za kikao, kwa sababu kila mteja ana mfululizo mrefu wenye mapengo.

Siri. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko watafiti wengi wanavyodhani. Simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, pengine ya ndugu, kwa hiyo namba ya simu yenyewe ni taarifa binafsi ya mtu ambaye hata hakuridhia. Ujumbe ukiingia huonekana juu ya kioo kabla simu haijafunguliwa. Usiandike neno "sonona" wala "ushauri" kwenye ujumbe. Kubaliana na mteja maneno ya kawaida na saa ambayo simu iko mkononi mwake. Kama yuko kwenye ndoa yenye vipigo, usimtumie kabisa.

Kinamfaa nani. Timu yenye fedha za msaidizi wa kupiga simu, na swali linalohusu maisha ya kila siku. Wanafunzi wa vyuo, ambao wana simu zao na bando, ni kundi jepesi la kuanzia.

## Sauti ya kikao na uchambuzi wa kompyuta

Mwanasaikolojia Carl Rogers alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao kwenye sahani za santuri, akiwa Ohio, na mwaka 1942 akachapisha kesi nzima neno kwa neno. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea kumbukumbu ya mtaalamu kuhusu alichokisema yeye mwenyewe. Kwangu hiyo bado ndiyo hoja kubwa ya kurekodi: mshauri yeyote, hata mwenye nia njema, akiandika kumbukumbu za kikao jioni ataandika kikao alichokusudia.

Swali. Kinajibu la dakika kwa dakika: mshauri alisema nini, mteja akafanya nini baada ya hapo. Alipouliza swali la ndiyo au hapana, mteja alijibu kwa neno moja? Alipomrudishia mteja maneno yake, mteja aliongeza? Watafiti kadhaa wa Marekani, akiwemo Zac Imel wa Utah na David Atkins wa Washington, wamefundisha kompyuta kupanga kauli za mshauri katika makundi hayo, kazi ambayo kwa mikono huchukua wiki.

Mzigo. Kwa mteja ni mdogo akisharidhia, ingawa kuridhia kwenyewe ni kazi. Kwa mshauri ni mkubwa kuliko anavyokiri, maana anasikilizwa. Kwa mtafiti ni mkubwa zaidi: saa moja ya sauti huchukua kwa kawaida saa nne hadi sita kunukuu, yaani kugeuza maandishi, kwa mkono.

Lugha. Hapa nakaa kidogo, kwa kuwa ndipo matangazo ya programu yanapowapotosha watu. Programu ya kunukuu ya Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022 baada ya kufundishwa kwa saa 680,000 za sauti, inakijua Kiswahili, lakini kwa makosa mengi kuliko Kiingereza. Kigogo haimo kwenye orodha yake. Mteja akianza kulia na kurudi kwenye lugha ya mama yake, yaani pale hasa unapotaka kusikia, programu huandika maneno ya Kiswahili yasiyokuwepo, kwa ujasiri uleule. Kila ukurasa lazima upitiwe na mtu mwenye sikio la lugha zote mbili.

Baada ya kunukuu kuna kuhesabu. Programu maarufu za kuhesabu maneno, kama ile ya James Pennebaker wa Texas, zilijengwa kwa Kiingereza, ambako "mimi" ni neno linalosimama peke yake. Utafiti wa mwaka 2004 wa wanafunzi wa chuo huko Marekani ulikuta wenye sonona walilitumia zaidi katika maandishi yao. Kwetu, mteja anasema "nimechoka, silali, wananisema", na amejitaja mara tatu bila kutamka "mimi" hata mara moja. Ukihesabu maneno mazimamazima utaripoti kwamba hajitaji. Inabidi programu ikate viambishi kwanza, au uhesabu kwa mkono kwenye sehemu ndogo. Vilevile, mtu anaposema "nina mawazo" mara nyingi anakuambia ana huzuni na msongo, wakati orodha ya maneno ya hisia iliyotafsiriwa itayaweka "mawazo" kwenye kundi la kufikiri.

Kuna njia isiyotegemea lugha, nayo naipenda kwa mazingira yetu: kupima nani anazungumza, kwa muda gani, na kimya kinadumu kiasi gani. Kompyuta inaweza kutenganisha sauti mbili bila kuelewa neno. Mshauri anayejifunza akiona kwamba amezungumza theluthi mbili ya kikao, huhitaji kumtafsiria.

Mahitaji. Kinasa sauti kidogo ni bora kuliko simu, kwa kuwa hakina WhatsApp wala mtu wa kupiga katikati ya kikao. Weka viwili, kimoja karibu na kila mtu. Upepo wa Dodoma kwenye dirisha lisilofungika vizuri unaharibu sauti, na mvua juu ya mabati inaimaliza kabisa. Kikao cha Februari mchana kwenye chumba cha bati kisicho na dari ni bahati nasibu. Rekodi dakika mbili za majaribio chumbani humo kabla hujaandika chochote kwenye pendekezo la utafiti.

Siri. Sauti ni utambulisho. Huwezi kuifuta jina na kusema imefichwa. Mtu wa Majengo atamtambua jirani yake kwa neno la kwanza. Habari njema ni kwamba Whisper inaweza kuendeshwa kwenye kompyuta yako bila intaneti, kwa hiyo sauti haivuki mpaka. Kupakia vikao kwenye huduma ya kunukuu ya mtandaoni, ya bure, ni jambo ambalo silishauri kwa hali yoyote. Mpe mteja haki ya kusema "zima" katikati, na haki ya kurudi baada ya wiki moja aseme "futeni".

Kinamfaa nani. Wanaosimamia washauri wanaojifunza, na mtafiti anayeuliza kuhusu mbinu ndani ya kikao. Vikao vichache vilivyosikilizwa kwa makini vinatosha tasnifu nzuri.

## Kamera na saa janja

Swali. Miili ya watu wawili wanaoelewana huanza kwenda pamoja. Fabian Ramseyer na Wolfgang Tschacher wa Bern walionyesha mwaka 2011 kwamba ulinganifu wa miondoko ya mgonjwa na mtaalamu ulihusiana na ubora wa uhusiano wao na matokeo ya tiba. Saa janja nayo hufuata mapigo ya moyo, hatua na usingizi bila kumuuliza mtu chochote.

Mzigo. Hakuna cha kujaza, lakini saa mpya mkononi huonekana. Majirani watauliza imetoka wapi, na mteja atalazimika kudanganya au kueleza. Kuirudisha utafiti ukiisha nako si kwepesi.

Lugha. Haihusiki, na huo ndio mvuto wake.

Mahitaji. Njia ya Bern huhesabu mabadiliko ya nukta za picha ndani ya eneo ulilochora kumzunguka kila mtu. Kamera lazima isitikisike na mwanga usibadilike. Pazia linalopeperuka, feni, wingu linalopita dirishani, umeme unaokatika: vyote huhesabiwa kama mwendo wa mtu. Saa zinahitaji kuchajiwa mara kwa mara, na kwa nyumba isiyo na umeme hapo ndipo safari inapoishia.

Siri. Sura imo kwenye video. Data za saa nyingi hupitia kwenye seva za kampuni iliyozitengeneza, kwa hiyo soma masharti ukiwa na sheria ya 2022 pembeni. Unaweza kukokotoa mwendo siku hiyohiyo na kufuta video, ukabaki na namba tu.

Kinamfaa nani. Timu iliyo karibu na maabara na mhandisi, kwenye chumba kimoja kilichoandaliwa. Kwa mwanafunzi wa peke yake sioni faida inayolingana na tabu.

## Kwa hali yako

Una mwaka mmoja, huna mfadhili. Chukua fomu ya kila kikao. Punguza wateja kama ni lazima, usipunguze vipimo: wateja 25 wenye fomu za vikao 8 watakuambia zaidi kuhusu njia ya mabadiliko kuliko wateja 100 waliopimwa mwanzo na mwisho.

Unataka kujua kikao kilifanya nini, na una muda wa kusikiliza. Unganisha fomu na sauti. Tony Tang na Robert DeRubeis walifanya hivyo katika kazi yao ya mwaka 1999: walitafuta wagonjwa wa sonona ambao alama zao zilishuka ghafla kati ya kikao kimoja na kingine, kisha wakasikiliza rekodi za kikao kilichotangulia mshuko huo. Walikuta wagonjwa wamebadilisha fikra zao zaidi katika vikao hivyo kuliko katika vikao vya kulinganishia. Huhitaji kunukuu saa mia. Fomu inakuonyesha kikao cha kusikiliza, na sikio lako linafanya kazi iliyobaki.

Wateja wako wengi ni wa vijijini na hawasomi. Tumia fomu inayosomwa kwa sauti, na simu ya sauti mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Tafuta msaidizi anayejua Kigogo ambaye si wa kijiji hichohicho.

Unafanya kazi wodini, kwa mfano na wagonjwa waliolazwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma. Maswali ya kila siku yanawezekana bila simu ya mgonjwa, kwa kishikwambi cha wodi. Lakini ridhaa ya mtu aliyelazwa, pengine si kwa hiari yake, inahitaji uangalizi wa pekee. Mtu wa kumwomba ridhaa asiwe yule anayempa dawa wala anayeamua siku ya kutoka.

Unasimamia washauri wanaojifunza. Sauti, kwa kupima zamu za kuzungumza na kimya. Zitumike kumfundisha, zisiingie kwenye faili lake la tathmini, la sivyo atakuletea vikao vyake vizuri tu.

Swali lako linahusu usingizi au mwili, na mnayo fedha. Saa janja kwa kundi dogo la mjini, pamoja na fomu. Namba za moyo bila maelezo ya mteja mwenyewe ni vigumu kuzisoma: mapigo yaliyopanda saa tatu usiku yanaweza kuwa hofu, na yanaweza kuwa ngoma ya harusi.

Unasubiri kibali cha maadili. Usirekodi wala kukusanya chochote cha mteja. Ila fomu unaweza kuiandaa: itafsiri, mpe mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya awali bila kuona ya kwanza, ijaze wewe na wenzako kwenye kishikwambi kilichozimwa data, na uone ni swali gani linalowakwamisha. Karibu kila mara ni lile la nane.